Jalala na Jina Lililofichwa

Tik!

Usiku, gizani, kitu kidogo kilidondoka sakafuni.

Mtoto mmoja akaamka. Akapitisha ulimi mdomoni. Huku jino. Huku jino. Katikati, pengo.

Akatabasamu peke yake gizani. Jino lake la kwanza limetoka.

Mtoto huyo aliitwa Jalala. Ndiyo, Jalala, kama pale tunapotupa maganda na majivu.

Aliishi na baba, mama na bibi yake katika kambi ya wakata miwa. Mbele ya nyumba, miwa. Nyuma ya nyumba, miwa. Upepo ukipita, miwa husema shwaa, shwaa.

Watu wa kambi walitoka pande nyingi za dunia. Walikuja na vyungu vyao, nyimbo zao na majina yao.

Mabula alikaa nyumba ya pili. Jina lake ni la Kisukuma, na maana yake ni mvua. Alizaliwa siku ya mvua kubwa, paa likivuja.

Suraj alikuwa mtoto wa mwenye duka. Jina lake lilitoka India, na maana yake ni jua.

Isaka alikaa karibu na bomba la maji. Jina lake ni la Waebrania wa zamani sana, na maana yake ni atacheka. Na kweli, Isaka alicheka hata akijikwaa.

Mvua, jua na kicheko. Na Jalala.

Watoto wakubwa wakila ndizi, walimletea ganda. Walisema maganda yanatupwa kwake. Kisha waliimba:

"Jalala, Jalala,
takataka zimelala!"

Jalala alicheka nao. Lakini ganda lilibaki mkononi mwake, na kicheko kiliisha upesi.

Ila Jalala alijua jambo moja. Jalala halikuwa jina lake la kweli.

Jina la kweli lilikuwepo. Bibi alimnong'oneza sikioni siku aliyozaliwa. Hakumwambia mtu mwingine, si baba, si mama.

Bibi aliahidi kulitaja siku jino la kwanza litakapotoka.

Na jino limetoka! Limetoka Jumamosi usiku. Jumatatu Jalala anaanza shule. Mwalimu atamwuliza jina lake mbele ya watoto wote.

Jalala hakulala tena. Alilishika jino lake kiganjani, akangoja jua.

Asubuhi alimkuta Bibi uani akipepeta mchele. Pepe, pepe, pepe. Akafungua kiganja.

Bibi akalitazama jino. Ungo ukasimama.

Bibi alisema ni jino zuri. Alisema ni jeupe sana. Kisha akainamia mchele wake tena.

"Bado, mjukuu wangu," akasema. "Tungoje la pili."

Jalala akaligusa jino la pili. Halikutikisika hata kidogo. Lilikaa kama msumari.

Jumatatu ilikuwa kesho.

Akaenda kuwaambia rafiki zake. Isaka akafikiri, akasema kama jina liliingia sikioni, basi bado limo humo humo.

Suraj akakimbia dukani kuleta tochi. Mabula akakishika kichwa cha Jalala kisitikisike. Suraj akachungulia.

"Unaona nini?" akauliza Mabula.

"Nta," akasema Suraj.

Wakachungulia sikio la pili. Lilikuwa na nta zaidi.

Isaka akacheka mpaka akakaa chini. Lakini Mabula akapata wazo. Waende kwa majirani, wakaombe majina. Sikio likilisikia lile la kweli, litalijua.

Wakaenda kwanza kwa Mama Achieng', anayeuza uji. Mama Achieng' ni Mjaluo. Akaeleza kwamba kwao jina linafuata saa uliyozaliwa.

Akainama. Akayaita majina sikioni mwa Jalala, moja moja, polepole. Otieno, wa usiku. Omondi, wa alfajiri. Onyango, wa asubuhi jua likianza kuwaka.

Watoto wakauliza pamoja:

"Sikio, sikio, ndilo?"

Jalala akasikiliza. Akatikisa kichwa.

"Silo, silo. Bado silo."

Mama Achieng' akawapa uji, wakanywa, wakaendelea.

Wakaenda dukani kwa baba yake Suraj. Yeye akaweka mizani chini, akafikiri sana. Akachagua jina la Kihindi, Vijay. Maana yake ni ushindi.

Hilo lilikuwa jina la kutembea nalo kifua mbele! Jalala alilipenda. Akafumba macho, akasikiliza mpaka mwisho wa sikio.

"Sikio, sikio, ndilo?"

"Silo, silo. Bado silo."

Wakaenda kwenye lango la kiwanda cha sukari. Mlinzi alikuwa Mmasai mrefu, naye akamwazima jina lake mwenyewe, Lemayian. Maana yake ni mtu wa baraka.

"Sikio, sikio, ndilo?"

"Silo, silo. Bado silo."

Fundi wa mitambo akatoka na mikono yenye grisi. Yeye alitoka China. Akasema wampe jina la Ming. Kwao maana yake ni mwangaza.

Akalisema sikioni, fupi na safi, kama kengele. Ming!

"Sikio, sikio, ndilo?"

"Silo, silo. Bado silo."

Isaka akasema basi, na aitwe Isaka wa Pili. Safari hii hakucheka mtu ila yeye.

Jua likawa kali. Watoto wakarudi kimyakimya kando ya miwa. Shwaa, shwaa.

Usiku, alfajiri, ushindi, baraka, mwangaza. Majina yote yalikuwa mazuri. Na yote yalikuwa ya wengine.

Jalala alimkuta Bibi mlangoni. Akakaa karibu naye, goti kwa goti.

"Bibi," akasema, "kwa nini hutaki kunipa jina langu?"

Bibi akaitazama miwa. Kisha akasimulia.

Kabla ya Jalala, walizaliwa kaka zake wawili. Bibi aliwapa majina mazuri mno. Aliyaita kwa sauti kubwa, kambi nzima ikasikia.

Homa naye akasikia. Akaja. Akawachukua wale wawili, wadogo, wadogo.

Basi Jalala alipozaliwa, Bibi alimfunga katika kanga safi. Akamlaza kidogo tu kule jalalani. Kisha akamwokota, kama mtu aliyeokota kitu kilichotupwa.

Bibi akawaambia wote kwamba huyu ni Jalala tu. Alitaka Homa apite nyumba kwa nyumba, na akifika hapa asione kitu cha kuchukua.

Jalala akautazama mkono wa Bibi. Ulikuwa umeikamata ncha ya kanga, hauiachi.

Kumbe Bibi hakusahau ahadi. Kumbe Bibi hakuwa mchoyo wa jina. Bibi aliogopa.

Jalala akasimama. Hakuaga. Akatembea moja kwa moja mpaka mwisho wa nyumba, kule jalalani.

Jalala lilikuwa refu kama kilima kidogo. Kulikuwa na majivu, maganda ya miwa, na ndoo moja isiyo na kitako.

Akapanda. Chapa, chapa, chapa. Miguu ilizama kwenye majivu. Akaanguka. Akapanda tena.

Akafika juu kabisa. Akavuta pumzi, akaita:

"Mimi nipo!
Nilikuja, nikakaa!
Mimi nipo!"

Mabula akasikia, akaja mbio na sufuria. Suraj akaja na debe. Isaka akaja na mifuniko miwili. Ti! Ti! Pwa! Ti! Ti! Pwa!

"Yeye yupo!
Alikuja, akakaa!
Yeye yupo!"

Watoto wakubwa wakaja, wameshika ndizi zao. Mmoja wao akainua ganda ili alitupe. Akamwona Jalala juu kule, amesimama kifua mbele. Akalishusha. Akalitia mfukoni.

Mama Achieng' akaja. Baba yake Suraj akafunga duka, akaja. Mama na baba wa Jalala wakatoka shambani, wakaja na mapanga yao.

Mwisho kabisa akaja Bibi. Alikuja haraka, kanga ikimponyoka begani. Akamwomba mjukuu wake ashuke. Akamwomba anyamaze, Homa asije akasikia.

Lakini Jalala hakunyamaza. Akaweka mikono kiunoni.

"Bibi, Homa alishakuja," akasema.

Sufuria na debe zikakoma. Hata mifuniko ya Isaka.

"Alikuja wakati wa masika. Nilitetemeka. Nilitapika kwenye ndoo. Ukakaa nami, Bibi. Mama akanibeba mpaka zahanati, nikanywa dawa chungu. Unakumbuka?"

Bibi akakumbuka. Akaitikia kwa kichwa.

"Homa hakuniuliza jina," akasema Jalala. "Alinikuta tu. Nami nikapona. Niangalie, Bibi. Nipo."

Akafungua mdomo wazi kabisa, pengo likaonekana mpaka chini. Akaruka juu, puu! Majivu yakatimka. Akaruka tena, puu! Akageuka upande wa miwa.

"Homa! Niko hapa! Sijifichi tena!"

Bibi akafumba macho.

Wote wakangoja.

Upepo ukapita. Shwaa, shwaa.

Kitu kikasogea kwenye maganda. Kwara, kwara. Kikaja karibu. Kwara, kwara. Kikatoa kichwa.

Alikuwa kuku.

Kuku akamtazama Jalala. Akamtazama Bibi. Akadonoa punje moja, akaenda zake.

Isaka akashindwa kujizuia. Akacheka. Mabula akacheka, Suraj akacheka, Mama Achieng' akacheka akijishika mbavu.

Bibi akafumbua jicho moja. Akafumbua la pili. Na Bibi naye akacheka. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa ncha ya kanga, yakamtoka tena.

Kisha Bibi akajifunga kanga kiunoni. Akavua ndara. Akaanza kupanda.

Baba akataka kumshika mkono. Bibi akakataa. Chapa. Akapumzika. Chapa. Akapumzika.

Akafika juu. Akasimama kando ya mjukuu wake, miguu yote minne ndani ya majivu.

Akamshika mabega.

Bibi akawaambia watu kwamba jina hili ni la Kiarabu, la tangu zamani. Lilivuka jangwa na bahari mpaka likafika kwetu. Alilichagua usiku ule ule mtoto alipolia mara ya kwanza. Miaka yote hii alilala nalo na kuamka nalo, na hakulitoa nje hata siku moja.

"Maana yake," akasema Bibi, "ni mwenye kudumu. Aliyekuja na akakaa."

Jalala akahisi moyo wake unaruka. Puu! Puu! Kama miguu majivuni.

Suraj alishusha debe. Mabula alishusha sufuria. Isaka alishusha mifuniko.

Bibi akavuta pumzi ndefu. Hakunong'ona. Aliita kwa sauti ya kufika kiwandani, ya kufika zahanati, ya kufika shuleni kabla ya Jumatatu:

"Khalidi!"