Glasi ya Kupoza Moyo Kwenye Kona ya Kinu

Ndugu zangu wa mlimani, nisikilizeni niwasimulie yaliyompata Radomir na mkewe Stamena, maana nilikuwepo.

Asubuhi hiyo nyumba yao ilinukia mkate wa slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wao. Siku ya slava mgeni haalikwi. Anayekupenda huja mwenyewe. Stamena aliupakata mkate garini, wakateremka kwenda kanisani ukabarikiwe.

Kwenye kona ya kinu, Radomir alikanyaga breki kwa nguvu juu ya barafu. Gari likateleza taratibu, likambusu jirani yao Vukašin matakoni. Gari la Vukašin, namaanisha. Ilivunjika taa moja tu, na mkate haukupata hata ufa.

Lakini wanaume wetu mnawajua. Badala ya kusogeza magari pembeni, walisimama katikati ya barabara kumtafuta mwenye kosa. Vukašin akaapa kuwa nyumba ya Radomir hataikanyaga tena, iwe slava iwe msiba. Sisi tunaokaa karibu tukatoka kusikiliza, mmoja wetu na chupa ya rakija, pombe yetu kali ya matunda, ya kupoza moyo. Wote wawili wakanywa. Jamani, polisi akija na kipimo chake, nani atamwaminisha kwamba mlikunywa baada ya kugongana na si kabla?

"Tokeni barabarani," Stamena alisema. "Anayeshuka hawezi kutuona."

"Mama, kakae na mkate wako," Vukašin akamjibu. "Hapa wanaongea wenye leseni."

"Wenye leseni ndio mliogongana."

Akachukua ile pembetatu nyekundu ya tahadhari kwenye buti la gari, akapanda mpaka juu ya kona, akaisimika. Kisha akakaa pembeni, akavua kitambaa chake cha kichwa, akakipunga. Lori la maziwa lilikuwa linashuka. Dereva alimwona, akapunguza mwendo mapema. Hata hivyo lori liliteleza, likajizika kwenye lundo la theluji karibu kabisa na sisi.

Radomir alikimbia kupanda, akianguka na kuinuka, akimwita mkewe. Alipomkuta mzima, kichwa wazi, alimkumbatia akalia mbele yetu sote bila haya.

"Kosa ni langu," akamwambia Vukašin aliporudi chini. "Nilikufuata karibu mno."

Tulisukuma magari pembeni, nao wenye kunywa wakaenda kanisani kwa miguu.

Jioni, tukiwa mezani kwa Radomir, mlango uligongwa. Vukašin alisimama nje, kofia mkononi.

"Niliapa," akasema.

"Uliapa ukiwa katikati ya barabara," Stamena akamwambia. "Kung'uta viatu, uingie."

Funzo

Magari yakigusana kwenye barafu, watu watoke barabarani kwanza, tahadhari iwekwe mbali, na chupa ibaki nyumbani. Mwenye kosa atajulikana tu. Taa hununuliwa dukani. Jirani hauzwi popote, na Stamena tunaye mmoja.