Vitambaa Vyeupe kwenye Njia ya Changarawe

Nitayaeleza haya kwa utaratibu, maana mwenye hasira akiharakisha husema asilolijua, nami hasira yangu haijapoa hata leo.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Kwa miaka thelathini nilisomesha Qur'ani na fiqhi katika vijiji vitatu vya Pemba, nikitoka kimoja kwenda kingine kwa baiskeli. Uzeeni nilihamia Guangzhou pamoja na mke wangu, Swalha, tukaishi na Ghalib, mtoto wa marehemu ndugu yangu. Tulimlea tangu ana miaka minne. Mimi aliniita ami. Swalha alimwita mama. Alikuwa na ofisi ya kusafirisha mizigo katika jengo la Tianxiu, lakini kazi iliyomkaa moyoni ilikuwa ya siku za mapumziko: kuwachukua wafanyabiashara na wanafunzi wa kwetu kwenda kuendesha baiskeli chini ya milima, kaskazini mwa jiji.

Huko kuna njia za changarawe ambazo gari wala pikipiki haziruhusiwi kupita. Huanzia kwenye mashamba ya lichi, zikazunguka mabwawa, kisha zikapanda polepole katikati ya mianzi mpaka panapoanza miinuko. Ghalib alizitafuta mwenyewe na kuziunga zikawa mzunguko mmoja. Kwa kuwa simu huko hupoteza mtandao, kila penye njia panda alifunga kitambaa cheupe kwenye mwanzi, upande wa kufuata.

Jumamosi moja alinijia asubuhi nikinywa chai.

"Ami, miezi minane sasa tangu mama atutoke, na wewe huendi popote ila msikitini. Twende leo."

"Na magoti yangu?"

"Magoti yaliyosomesha vijiji vitatu yatashindwa na kilima cha mianzi?"

Nilicheka. Tangu siku ya maziko sikuwa nimecheka.

Tulikwenda watatu. Wa tatu alikuwa Sia, binti wa Moshi anayesomea mambo ya udongo katika chuo kikuu, mwenye ulimi usiotulia.

"Shikamoo babu! Laoban wetu kakupa baiskeli yenye breki kweli, au ile anayowapa wateja?" *Laoban* ndivyo watu wa masoko ya hapa wanavyomwita bosi, naye alimwita Ghalib hivyo kwa kumkera. "Angalia na hii yake. Bei ya ng'ombe watatu, haina hata keria ya kumpakia mtu!"

"Na wewe nani atakupakia, na maneno yote hayo?" Ghalib alimjibu.

Tuliisali adhuhuri katika banda la wakulima, tukaondoka. Jua lilikuwa la upole. Changarawe ililia chini ya magurudumu kama mchele unaopetwa, na hapakuwa na sauti nyingine. Nilijiona kijana. Nilimshukuru Mola kwa mtoto yule.

Kwenye njia panda ya tatu nilisimama kupumzika. Upepo ukakipeperusha kitambaa cheupe, kikanigusa shavuni. Kilikuwa kimelowa, ilhali mvua haikunyesha kwa siku kumi na moja. Nikakishika ili nikiondoe. Kwenye pembe yake palikuwa na uzi wa buluu.

Hapa sina budi kueleza jambo. Mahujaji wengi wa kwetu hununua sanda zao Makka, wakazichovya katika maji ya Zamzam na kurudi nazo. Mwaka tuliohiji, sanda zilianikwa pamoja juu ya paa la nyumba tuliyofikia, zote nyeupe, zote sawa. Swalha akatia uzi wa buluu kwenye pembe ya kila kipande cha sanda yake, vipande vitano kama ilivyo kwa mwanamke, ili isichanganyike na ya mtu. Akasahau sindano ndani ya kitambaa. Hiyo ndiyo iliyokuwa tabia yake. Kwa miaka arobaini nilimgombeza kwa kuacha sindano kwenye nguo, na kwa miaka arobaini nilichomwa.

Alipougua, aliniambia hospitalini, "Sanda yangu imo sandukuni. Usinizike kwa kitambaa cha watu." Nikamwahidi. Ghalib alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Alisikia.

Siku alipofariki nilipekua sanduku lile kwa mikono yangu. Sanda haikuwamo. Maiti ilikuwa imekwisha oshwa, wanawake wanangoja. Nilikwenda mwenyewe soko la vitambaa la Zhongda, mzee anayelia, duka hadi duka, nikijibiwa *mei you*, hakuna, mpaka nikapata kitambaa cha pamba cha kushonea mito. Mke wangu akazikwa kwa pamba ya mito. Ghalib alibeba jeneza, na hakusema neno.

Nilimwita. Nadhani sauti yangu iliwaondoa ndege kwenye mianzi.

"Hiki umekitoa wapi?"

Alikitazama, akautazama uzi, kisha akaitazama ardhi.

"Ami, nilidhani ni sampuli. Nyumba ilikuwa imejaa sampuli za vitambaa, hadi kwenye sanduku la mama. Nilizichana kabla mama hajaugua."

"Kabla hajaugua. Na siku aliposema pale kitandani?"

Alinyoosha mkono kukishika kitambaa, akaurudisha.

"Na siku nilipokuwa nalizunguka soko kama mwombaji?"

"Niliogopa, Ami."

"Uliogopa nani? Maiti?"

Alipiga magoti kwenye kokoto, akanishika miguu. "Nipe radhi. Nakuomba mbele ya Mungu, nipe radhi. Sina mzazi mwingine."

Nimesoma vitabu vya kutosha kujua fadhila za kusamehe. Nimezisomesha. Lakini wakati ule hasira ilinipanda ikafunga kila mlango wa elimu, nami nikasema maneno ambayo hadi leo nayasikia yakirudi.

"Radhi si yangu kutoa. Kavikusanye vyote, kimoja kimoja, kisha kamwombe mwenyewe."

Sia alifunika mdomo.

Tukaanza kukusanya. Ghalib alifungua, akanipa, nikatia mkobani. Alikuwa amefunga vitambaa arobaini. Alisema kitambaa kilimwishia hapo hapo, hakikubaki hata uzi. Kila kimoja kilikuwa kimelowa. Jua lilikuwa limeanza kuelekea alasiri tulipofika cha arobaini, mahali mzunguko unapogeuka kurudi.

Mbele yetu, kwenye kijia chembamba kinachopanda, kilipepea cha arobaini na moja.

"Na hiki nani kakifunga?" Sia akauliza.

"Vipo," Ghalib alinong'ona. "Kila wiki kinaongezeka kimoja. Nilidhani ni wanakijiji."

Nilikisogelea. Ghalib hufunga fundo la wasafirishaji mizigo, mara mbili, gumu. Hili lilikuwa la kitanzi kimoja, linalofunguka kwa kuvutwa na mkono mmoja. Nalijua fundo hilo. Nimelifunga na kulifungua zaidi ya mara mia. Ni fundo la sanda, hufungwa kichwani na miguuni, na hufunguliwa kaburini.

Sikuwaambia.

Tulipokwenda, changarawe ililia. Tuliposimama, ilinyamaza. Kisha ikalia tena, hatua moja, nyuma yetu.

Niligeuka. Njia ilikuwa tupu na nyeupe, jua limeijaa.

"Babu," Sia akasema polepole, "umesikia?"

"Nimesikia."

Najua itikadi yangu. Waliokufa wamo katika barzakhi, na baina yao na dunia pana kizuizi. Afanyaye vitimbi vya namna hii ni jini. Hivyo ndivyo nilivyosomesha. Nilisoma Ayatul Kursiyyu kwa sauti, mara tatu. Hatua ile ikangoja mpaka nikamaliza. Kisha ikalia tena, karibu zaidi, na nikasikia harufu ya udi ambao Swalha alikuwa akijifukiza kila Alhamisi.

Hapo ningepaswa kuwarudisha. Watoto wawili, mimi mtu mzima. Lakini nilimtazama Ghalib, na nikaiona tena pamba ya mito.

"Bado viko," nikamwambia. "Endelea."

"Ami, twende pamoja."

"Ulichana peke yako."

Alipanda baiskeli. Alinitazama kama alivyonitazama siku nilipompokea, mtoto wa miaka minne, kwenye jeneza la baba yake. Kisha akaenda.

Sisi tulikaa juu ya jiwe. Tulimwona akifika cha arobaini na mbili, akikifungua. Cha arobaini na tatu. Akashuka kwenye bonde dogo, tukamsikia tu. Changarawe chini ya magurudumu. Na pembeni yake miguu. Miguu mitupu, inakimbia kwenda sawa naye.

Kisha miguu ikakoma. Magurudumu yakabaki. Yakawa mazito.

Akatokea upande wa pili wa bonde, akipanda. Alikuwa ameinama sana, kama mtu aliyebeba mzigo. Macho yangu ni ya mzee. Ya Sia si ya mzee.

Alinishika mkono. Kucha zake ziliniingia.

"Babu," akanong'ona. "Kaka Ghalib amempakia nani?"

"Baiskeli yake haina keria," nikasema.

"Najua."

Nikasimama. Neno lilikuwa moja tu. *Nimekuradhi.* Upepo ulikuwa unaelekea kwake, angelisikia. Kifua kilikuwa na pumzi. Nililishika neno mdomoni, na hasira ikalishika upande wa pili, tukavutana. Kwa muda gani? Kiasi cha kusoma Fatiha moja.

Nikalitamka. Mianzi ilikuwa imekwisha mfunika.

Nikalirudia kwa kelele. Nikamkimbilia. Juu ya kilima, kijia kilikoma kwenye ukuta wa mwamba. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa hapo, kofia yake ngumu ya baiskeli imetundikwa kwenye usukani kwa adabu, kama aingiaye nyumba ya mtu. Vitambaa havikuwapo tena. Ghalib hakuwapo.

Askari walikuja, na wanakijiji, na mbwa. Walitafuta siku tatu. Mbwa walifika kwenye mwamba wakalala chini, wakakataa kuinuka. Sia alieleza alichokiona, wakakiandika, wakatazamana. Hajapanda baiskeli tena. Hunipigia simu kila Jumamosi, na kila mara huuliza jambo moja: je, niliona kama yule aliyepakiwa alikuwa amemkumbatia, au amemkaba?

Nina hasira na Ghalib kwa kunyamaza. Nina hasira na nafsi yangu, nayo hiyo siwezi kuipima. Na ikiwa ni Swalha, Mola anisamehe, basi nina hasira naye pia. Alimlisha kwa mkono wake. Kitambaa ni nini mbele ya mtoto? Au huenda alikwenda kumpa tu kile nilichomnyima, na mimi ndiye niliyemtuma.

Siku ya tatu nilirudi nyumbani. Mkoba wa vitambaa ulikuwa mzito. Nilipoufungua, ulikuwa umejaa changarawe, hamna hata kitambaa kimoja.

Nikaliendea sanduku la Swalha.

Sanda ilikuwa juu kabisa, imekunjwa vizuri, mbichi kwa maji. Nzima. Haina mshono, haina palipochanwa. Niliikunjua kitandani, nikahesabu vipande. Nikahesabu tena.

Mwanamke hukafiniwa kwa vipande vitano. Hivi ni vitatu, vya mwanamume.

Nilivipima kwa kimo changu. Vinanizidi kwa shubiri moja na nusu. Ghalib alinizidi hivyo hivyo.

Kwenye pembe upo uzi wa buluu, mpya, haujakatwa. Nilipopitisha kidole, nilichomwa. Sindano imeachwa humo humo.