Ufunguo Kwenye Kopo

Kila asubuhi dobi alianza kazi kwa kupekua mifuko ya watu. Hakuwa mwizi. Watu husahau, na nguo haiwezi kuingia kwenye maji ikiwa na kalamu mfukoni. Alitoa kalamu, vitambaa vya mkono, barua, na siku moja meno ya bandia. Kila kitu alikiweka kwenye sahani mpaka mwenyewe aje. Kwa vitu vya watu dobi alikuwa makini sana. Kwa vitu vyake mwenyewe, Mungu amsaidie.

Ufunguo wa gari lake ulikuwa umeshafuliwa mara mbili. Jioni alivua suruali ya kazi, akaitupa kwenye pipa la kufulia, na ufunguo ukiwa humo humo. Mara ya pili ufunguo ulitoboa shuka la mteja. Dobi aliona aibu kubwa. Akachukua kopo dogo la majani ya chai, akalifunga kwa waya nyuma ya bampa ya gari, na ufunguo ukawa unakaa humo.

"Sasa hautafuliwa tena," alimwambia mkewe.

"Na ukichukuliwa?" mkewe aliuliza. Alikuwa anapiga pasi, wala hakuinua macho.

"Nani atajua? Tunajua mimi na wewe tu."

Mkewe aliguna. Mguno ule ulikuwa na maneno mengi, lakini dobi alijifanya hakuusikia.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la kubebea mizigo. Kabla ya kulipata, mume na mke walibeba mabunda ya nguo kichwani kwa miaka kumi na miwili, wakipanda ngazi za watu na kushuka. Magoti ya mke yaliharibika. Tangu gari lije, mama huyo hakupanda ngazi tena na mzigo. Alibaki na pasi yake, na mumewe akazungusha nguo. Gari likipotea, bunda litarudi kichwani, na magoti yale hayakuwa na nguvu ya kulibeba. Dobi alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana aliposikia kwamba gari la seremala wa mtaa wa pili limeibwa mchana kweupe, hakula vizuri siku hiyo.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja na ushauri. Shemeji huyu hakosi ushauri.

"Weka alamu, shemeji. Mtu akiligusa tu, litapiga kelele mtaa mzima utoke nje."

Alamu ikafungwa. Kweli ilipiga kelele. Paka akipita, ililia. Mvua ikinyesha, ililia. Wiki ya kwanza majirani walitoka nje mbio. Wiki ya pili walichungulia dirishani. Wiki ya tatu waliongeza sauti ya redio.

Alamu ilikuwa na rimoti ndogo ya kuizima. Dobi aliifunga rimoti hiyo pamoja na ufunguo, kisha vyote viwili akavirudisha kwenye kopo. Wewe unayesoma umeshaliona kosa. Dobi hakuliona.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, alisimama mbele ya nyumba ya wageni. Alitoa mashuka kwenye gari, mikono ikajaa. Kama kawaida yake, aliuweka ufunguo kwenye kopo, akapanda hadi ghorofa ya tatu. Alipeana salamu, akahesabiwa mashuka, akashuka.

Gari halikuwepo.

Dobi aliangalia kushoto. Akaangalia kulia. Aliangalia hata juu, na mwenyewe hakujua kwa nini. Kisha akaketi kwenye ngazi. Ndani ya gari mlikuwa na nguo za familia kumi na moja na makoti yote meupe ya zahanati. Akampigia simu mkewe.

"Mama watoto, gari limeibwa."

"Wewe umeumia?"

"Hapana."

"Basi nenda polisi sasa hivi. Usianze kulikimbiza mwenyewe."

Saa nane mchana polisi walilikuta. Lilikuwa limekwama njia panda, limeachwa. Lilikuwa limeishiwa mafuta. Nguo zote zilikuwemo, na ufunguo ulikuwa bado umechomekwa. Redio tu ndiyo iliyong'olewa.

"Kilichokuokoa ni uvivu wako wa kujaza mafuta," askari alimwambia dobi. "Usiutegemee kila siku. Mlango haukuvunjwa, kioo hakikuvunjwa. Alamu je, ilizimwa na nani?"

Dobi aliliangalia kopo nyuma ya bampa.

Jioni hiyo shemeji alifika na ushauri mpya. "Tuweke alamu yenye sauti kubwa zaidi."

"Kaka, kunywa chai," alisema dada yake. "Kesho tunamwita mtu anayeijua kazi hii."

Aliyeitwa alikuwa fundi wa umeme wa magari, mwanamke kijana mwenye ovaroli ya bluu na mikono isiyo na haraka. Alikuja na sanduku la vifaa, lakini hakulifungua. Aliomba kigoda, akaketi kando ya pipa la kufulia.

"Mzee wangu, nielezee siku yako. Unasimama mara ngapi?"

"Mara kumi na tano. Siku nyingine zaidi."

"Na ukisimama, ufunguo unakaa wapi?"

Dobi alikohoa. Mkewe alijibu kwa niaba yake: "Kwenye kopo, mwanangu. Ni siri yetu, mimi na yeye."

Fundi aliinuka, akavuka barabara hadi kwa kinyozi. Mlango wa kinyozi ulikuwa wazi, na dobi alisikia kila neno.

"Eti kinyozi, dobi anaficha wapi ufunguo wa gari lake?"

Kinyozi hakuacha hata kunyoa. "Nyuma ya bampa, kwenye kopo la chai. Kwani kasahau tena?"

"Upande wa kushoto," aliongeza mteja mwenye povu usoni.

Dobi alitamani ardhi ipasuke. Miezi yote ile alikuwa ameliweka gari lake mikononi mwa kila anayepita, halafu analala akijiona mjanja. Alimtazama mkewe. "Uliniambia," alisema. Mkewe hakuguna safari hii. Alimsogezea kikombe cha chai.

Fundi aliporudi, dobi alisema, "Basi niambie kifaa kilicho bora kuliko vyote, niweke hicho."

"Hakuna kimoja cha kila mtu," alisema fundi. "Kilicho bora ni kile utakachokitumia kila ukisimama, hata siku uliyochoka. Kwanza elewa mwizi anataka nini. Anataka kuondoka upesi. Kila kinachomchelewesha kinakusaidia. Kwa hiyo unaanza na kilicho bure. Zima injini, toa ufunguo, pandisha vioo, funga milango. Ufunguo ukae mwilini mwako, si kwenye gari. Na kadi ya gari usiiache ndani."

"Na alamu?"

"Alamu si mbaya. Hii imefungwa vibaya, inashtuka ovyo, na nitairekebisha. Lakini alamu inaita watu tu. Watu wakishaizoea, imekufa."

"Nimeona chuma cha kufunga usukani," alisema mke.

"Kizuri, mama. Mwizi akikiona kupitia kioo anaweza kuamua kwenda kwingine. Ila mzee anasimama mara kumi na tano. Mzee, niambie kweli, utakifunga na kukifungua mara kumi na tano?"

Dobi alifikiri. Zamani angesema ndiyo. "Siku mbili za kwanza," alisema.

Fundi alicheka. "Asante kwa ukweli. Basi hicho kitakuwa cha usiku, gari likilala. Kwa mchana nitakufungia swichi ya siri. Inakata umeme wa pampu ya mafuta. Hata mwizi akiwa na ufunguo, injini haitawaka. Unaibonyeza kwa kidole ukishuka, basi. Lakini lazima ifungwe na mtu anayejua, ili gari lisije kukuzimikia barabarani."

"Nasikia kuna kifaa kinachoonyesha gari liko wapi," alisema dobi.

"Kipo, kinatumia laini ya simu. Hicho hakizuii wizi, kinasaidia kulitafuta gari baada ya kuibwa. Mkijaliwa, wekeni baadaye. Na siku kikikuonyesha gari lilipo, unawapa polisi. Huendi mwenyewe."

"Swichi nitaiweka wapi?"

"Nitakuonyesha wewe na mama. Wa tatu asijue. Hata shemeji."

"Hasa shemeji," alisema mke.

Lilibaki suala la ufunguo kufuliwa. Hilo fundi hakuwa na jibu lake, lakini mke wa dobi alikuwa nalo. Alikata kitambaa kigumu, akashona ukanda wa kuvaa mkononi, ufunguo ukaning'inia humo. Dobi hakuwa na haja ya mfuko tena. Jioni, kabla ya kuvua nguo za kazi, aliuvua ukanda kwanza na kuutundika kwenye msumari ndani, mbali na dirisha. Siku za mwanzo mkewe alimkagua mlangoni kama mwalimu anavyokagua kucha.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kunyamaza. Dobi alipenda kusimulia. Siku moja, akiwa kwenye kiti cha kinyozi, aliulizwa, "Nasikia umefunga kitu kipya kwenye gari. Umefunga nini?"

Maneno yalimfika mpaka kwenye ulimi. Akakumbuka magoti ya mkewe. "Nimefunga mdomo," alisema, na kinyozi akacheka hadi akaweka wembe chini.

Miezi miwili ikapita. Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mbele ya zahanati. Dobi alipandisha vioo, akabonyeza swichi, akafunga milango, akaingia na makoti. Alikaa kidogo, kwa sababu muuguzi mmoja alilalamikia kola.

Alipotoka, mlango wa dereva ulikuwa wazi. Kitasa kilikuwa kimevunjwa. Alamu ilikuwa inalia, na watu kadhaa walikuwa wamekwisha toka nje kuangalia. Chini ya usukani nyaya zilikuwa zimevutwa, zinaning'inia. Mtu alikuwa ameketi pale, akajaribu na kujaribu, kisha akakimbia.

Dobi aliwapigia polisi kwanza, na hakugusa kitu. Halafu akampigia mkewe.

"Mama watoto, wamekuja tena."

Upande wa pili pasi iliwekwa chini. "Gari liko wapi?"

Dobi aliliangalia. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakujali nani anamwona.

"Hapa," alisema. "Hapa hapa nilipoliacha."