Sauti Niliyoizima

"Jumamosi watu wakishaisikia albamu, namwacha. Nakuapia."

Sauti ya mume wangu iliniingia masikioni moja kwa moja. Alikuwa chumba cha kuimbia, ng'ambo ya kioo, pazia limeshushwa. Alisahau kwamba maiki iko wazi. Mimi nilikuwa kwenye mitambo, hedifoni kichwani, nikingoja aanze kurekodi.

"Na nyimbo je?" Huyo alikuwa msemaji wa bendi, mrembo aliyeletwa juzijuzi kutupigia debe.

"Zote kumi nimekutungia wewe, mpenzi. Yule ni fundi mitambo tu."

Fundi mitambo tu! Mkewe wa ndoa ya miaka kumi na tisa.

Mashabiki wanamwita Radi. Bendi yake ya roki ilikuwa haijatoa albamu miaka kumi na mmoja, kwa sababu Radi aliugua koo, na kupona kukachukua miaka. Mwaka mzima hakutoa neno. Nilimkorogea uji, nikamsomea midomo, na akilala nilikaa jikoni kutunga nyimbo ili apate cha kurudia jukwaani. Hata alipopona, maneno hayakumkaa kichwani. Ilibidi nirekodi sauti yangu kwanza, yeye aimbe akinifuata kwenye hedifoni.

Nilibonyeza kitufe cha kurekodi. Kisha nikalia, bila sauti.

Kesho yake nilimfuata kaka yake, mpiga dramu wa bendi.

"Shemeji, usiharibu kazi ya watu wanne kwa kosa la mmoja," alisema kabla sijamaliza.

"Siharibu. Nataka kuzima sauti moja tu."

Nikampa hedifoni. Alisikiliza mpaka mwisho, akazivua taratibu.

"Mama yetu angekuwa hai angemchapa," akasema. "Zima."

Jumamosi saa nne asubuhi ukumbi ulifurika mashabiki waliokuja kuisikiliza albamu kabla haijatoka. Watu wazima walivaa fulana za zamani za bendi, zimepauka, zimewabana vitambi.

"Albamu ya mwisho ilipotoka mimi nilikuwa na nywele!" jamaa mmoja alipayuka, watu wakacheka.

Radi akapanda jukwaani, miwani myeusi usoni.

"Nyimbo hizi nimetunga mwenyewe, neno kwa neno," alisema, "kwa ajili ya mwanamke aliyenirudishia uhai."

Akamtazama msemaji. Msemaji akainamisha kichwa kwa aibu za bibi harusi.

"Fundi, washa!"

Nikawasha.

Gitaa likaunguruma. Dramu zikaingia. Halafu ikaja sauti ya mwanamke, nzito, yenye mikwaruzo. Yangu. Mwenye kipara akafumba macho.

"Fundi! Umekosea!"

"Sijakosea."

"Nani huyo anayeimba?" mwandishi mmoja wa habari aliuliza.

"Mtunzi," kaka mtu akajibu. "Mke wake."

Radi akacheka kicheko kikavu. "Wivu wa kike huo, jamani. Nyimbo ni zangu."

"Basi tuimbie ubeti wa pili," mwandishi akamwambia.

Nikanyamazisha mitambo. Radi alisogeza maiki mdomoni, akafumbua kinywa, akakifumba. Akanitazama.

"Anza basi!" watu walipiga kelele.

"Mke wangu," alinong'ona, na maiki ikamuumbua, "nikumbushe neno la kwanza."

Ukumbi ukalipuka kwa zomeazomea. Msemaji alivua beji yake shingoni, akamtupia miguuni.

"Ulisema umenitungia mimi!"

"Nisikilize, mpenzi..."

"Mpenzi?" mama mmoja wa mstari wa mbele aliruka. "Na mkeo yuko pale? Mwana kulaaniwa!"

Wapo watakaosema ningemalizana naye nyumbani. Wasamehe wao. Mimi nilimtazama akitafuta mlango wa nyuma, roho yangu ikatulia kama maji ya mtungi.

Jioni hiyohiyo simu iliita mara ishirini. Kisha ujumbe:

"Mke wangu, shetani alinipitia. Rudi tuyamalize. Bila wewe siwezi kuimba."

Nikajibu: "Najua. Ndiyo maana nimeondoka."

Talaka niliifuata mwenyewe. Alikuja mahakamani amekonda, akaomba nimwachie hata kiitikio kimoja kwenye albamu. Nilimwambia aimbe wimbo aliotunga yeye. Hakuwa na hata mmoja.

Albamu ilitoka miezi miwili baadaye, jina langu chini ya kila wimbo. Siku ya onyesho la kwanza nilisimama nyuma ya pazia. Miaka yote hiyo sikuwahi kusimama upande wa taa.

"Uko tayari, shemeji?" aliniuliza mpiga dramu.

"Si shemeji yako tena."

"Sasa nikuite nani?"

Nikaishika maiki kwa mikono miwili.

"Niite mwimbaji."

Akagonga vijiti mara nne, nikaanza.