Pampu ya Alhamisi

Nani aliyekuwa akiiwasha pampu ya pili kila Alhamisi saa nne asubuhi, hilo halijajulikana mpaka leo, na waliolitafutia jibu wamechoka.

Pampu zilikuwa mbili katika chumba cha boila cha kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali. Ya kwanza ilipeleka maji ndani ya boila mchana kutwa. Ya pili ilikuwa ya akiba, ikingoja siku mwenzake atakapokufa, maana boila ikikosa maji huku moto unawaka hupasuka na kuondoka na ukuta, na walio karibu nao. Kwa hiyo ya akiba ilipaswa kujaribiwa dakika tatu kila Alhamisi, na jibu kuandikwa daftarini.

Fundi mkuu alirudi kazini baada ya miezi minane ya kumuuguza mumewe, viungo vikimuuma kama mtu aliyelala juu ya kokoto. Alifungua daftari. Kila Alhamisi ilikuwa na alama ya vema. Hakuna hata moja iliyokuwa na jina.

"Nani anaijaribu?" alimuuliza mkwewe, mwangalizi wa boila, aliyemwoa binti yake wa mwisho.

Mkwe alitazama viatu vyake. "Inajijaribu yenyewe, mama."

"Unanitania, baba?"

"Nikutanie wewe, nina vichwa vingapi? Mwanzoni tulitimua mbio wote, mpiga pasi akaacha na kiatu. Halafu tukazoea. Tunamwita Bi Alhamisi. Hachelewi, haombi ruhusa, hana mgonjwa nyumbani... Nisamehe, mama."

Hakukasirika. Alijua jinsi mtu aliyechoka anavyopokea msaada bila kuuliza umetoka wapi. Miezi ile hata yeye angepokea.

Alhamisi ikafika. Kwanza ilikuja harufu: nywele zilizoungua, na udongo mbichi. Kisha pampu ya pili ikaanza kunguruma. Fundi mkuu akaisogelea, akaweka kiganja juu ya mgongo wake, na chuma kilikuwa baridi, hakitetemeki, ingawa mlio ulijaa masikioni na kumfikia kwenye meno, akafuata waya kwa kidole, polepole, kutoka kwenye mota hadi kwenye kisanduku cha swichi, akafungua kifuniko, akaona ncha za waya zimechomoka zamani, zimeota kutu ya kijani, na kati yake buibui amefunga utando mkavu, mzima, ambao hakuna mkono uliowahi kuugusa.

Nyuma yake pampu ya kwanza ikakohoa mara mbili, ikafa.

"Usijali, mama," mkwe alinong'ona. "Ya pili si hiyo inanguruma?"

"Zima moto."

"Lakini sikiliza..."

"Usisikilize! Tazama kioo!"

Katika kioo kilichokuwa ubavuni mwa boila maji yalikuwa yakishuka, kidole kimoja, viwili, na kadiri yalivyoshuka mlio ukazidi utamu, ukawa kama wa mtu anayembembeleza mtoto alale, hata mkwe, aliyekwisha kuweka mkono kwenye swichi ya moto, akasimama macho yamelegea, hawezi kubonyeza. Fundi mkuu akaweka mkono wake juu ya ule wa mkwewe, akabonyeza kwa uzito wote wa mwili.

Moto ukazimika. Maji yalibaki membamba kama ukucha. Mlio ukakatika, na katikati yao mtu wasiyemwona akashusha pumzi.

Mganga aliitwa. Alizunguka chumba, akanusa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Simtoi," alisema kwa sauti ya chini. "Mlimwachia kazi, mkampa na alama ya vema. Aende wapi? Kaichukueni kazi yenu kwanza."

Pampu ya kwanza ikatengenezwa, waya za ya pili zikafungwa upya. Ikaamuliwa kwamba hakuna tena kujaribu kwa sikio: kila Alhamisi pampu ya kwanza itasimamishwa, ya pili itawashwa, na mtu mmoja ataandika maji yamepanda sentimita ngapi kwenye kioo, na jina lake chini. Pasipo hesabu hiyo, boila haiwashwi. Mkwe aliomba awe yeye.

Ndiye anayefanya mpaka sasa. Ikifika saa nne mlio mwingine huanza pembeni, juu ya kitako cha zege ambacho hakijawahi kufungwa pampu yoyote, pamoja na harufu ya nywele. Hageuki. Anaweka kidole kwenye kioo, anangoja maji yapande, halafu anaandika.