Zamu ya Chumba cha Meno

Koleo lilikuwa na joto.

Fundi alilirudisha kwenye sinia la bati, akalishika tena kwa mkono wa kushoto kama vile wa kulia ulikuwa umemdanganya. Joto lilelile, la chombo kilichotolewa sasa hivi kwenye maji ya kuchemka. Na hospitali yenyewe ilifungwa zamani. Wagonjwa walihamishwa, umeme ukakatwa, popo wakarithi dari.

"Shemeji, umevikalia hivi vyombo?"

"Nimekalia njaa tu," akajibu kijana, kajilaza kwenye kiti cha meno, miguu juu kama tajiri.

Huyo alikuwa mdogo wa mke wake. Mkewe alimlea tangu mama yao afariki, akambeba mgongoni naye mwenyewe bado mtoto, na kila asubuhi walipotoka alikuwa na neno moja tu kwa mumewe: mrudishe kama ulivyomchukua. Fundi alikuwa akiitikia bila kugeuka. Siku hizo alifanya mambo mengi bila kugeuka. Alikuwa amechoka, uchovu ule ambao hata ukilala unaamka nao.

Kazi yao ilikuwa kupita majengo yanayosubiri kubomolewa na kusema kila kifaa ni nini: hiki cha kutunzwa, hiki chuma chakavu, hiki kina sumu, asikiguse mtu. Makoleo ya kung'olea meno ndiyo yaliwachelewesha. Kila koleo lina mdomo wake, limetengenezewa jino lake, na alama za zamani zilikuwa zimefutika. Kwa hiyo Fundi alitumia taya la plasta, mfano wa kinywa wenye meno yote. Unajaribu koleo jino baada ya jino mpaka likae, unaandika kwa chaki, unashika jingine.

Siku hiyo taya lilibaki garini, na nje mvua ilikuwa inamwagika. Shemeji akasema ya nini kulowana, yeye anatembea na taya lake bure na halijawahi kusahaulika popote. Akapanua mdomo. Fundi alipaswa kukataa. Hakukataa, na tusimtafutie sababu nyingine zaidi ya uchovu.

Wakajaribu sinia zima. Hili la gego la juu, hili la chonge, hili la meno ya mbele. Shemeji alikuwa akitania kila lilipotoka mdomoni, kwamba akifika nyumbani atadai posho ya meno. Kikabaki chombo kimoja chembamba, chenye vikombe viwili vya mpira nchani. Fundi alikijua bila kukijaribu: cha kushikia ulimi. Akakiandikia chaki.

Hapo ndipo benchi la ukumbini lilipolia, kama linavyolia mtu akikaa. Likalia tena. Ikaja harufu ya mafuta ya karafuu, kali, mbichi, harufu ya kila chumba cha meno. Kwenye kona, ile mashine kuukuu ya kutobolea meno, ya kukanyaga kama cherehani, ikashusha kanyagio lake taratibu, ikalipandisha.

"Shemeji," kijana akanong'ona, "mkono wangu."

Mkono wake ulikuwa umeshika koleo la kwanza na unapanda mdomoni wenyewe. Fundi akaudaka, akauning'inia kwa uzito wake wote, lakini ulikuwa na nguvu ya jeki, ukamwinua naye, ukaingia mdomoni na kutoka na gego zima, mizizi na yote, bila tone la damu, ukalidondosha kwenye sinia, ukachukua la pili, kwa mpangilio uleule waliojaribu, na Fundi akasoma dua zote alizozijua na zile alizozijua nusu, akalitukana kwa mama yake jini lolote lililokuwamo, akapiga kiti mateke, na meno yakaendelea kugonga bati moja baada ya jingine huku machozi yakimtiririka kijana ambaye hakuweza kufumba mdomo wala kuinuka, mpaka hakikubaki chombo ambacho hakijatumika ila kile chembamba cha ulimi.

Mkono ukasimama juu yake. Ndani ya kinywa kile kitupu ikatoka sauti ya mwanamke, haina hasira, imechakaa.

"Nani anapokea zamu?"

Fundi akakumbuka. Alipokuwa akitengeneza mashine za hospitali alisikia wauguzi wakinong'ona kuhusu chumba hiki. Kwamba kina jini lililokaa na madaktari mpaka likaijua kazi, wakalizoea, na jioni zikiwa nzito wakaliachia zamu. Alicheka wakati ule. Lakini sheria ya zamu aliijua kama wao: huondoki mpaka aje mwenzako umkabidhi. Hospitali ilipofungwa, watu walipakiwa kwenye magari. Hakuna aliyekumbuka kuja kupokea huku.

Akaliambia ukweli, hospitali haipo, liende zake.

"Wagonjwa wako nje," ikajibu sauti, na mkono ukakishika kile chombo.

Fundi akayatazama macho ya mdogo wa mkewe.

"Mimi," akasema. "Nimepokea."

Chombo kikaanguka. Pumzi ya karafuu ikampita shavuni, zikafuata nyayo ukumbini, nzito, za mtu aliyevimba miguu kwa kusimama. Mlango wa mwisho ukafunguka. Nyayo hazikurudi.

Akamwinua kijana, akamsukuma atoke. Yeye akainua mguu kuvuka kizingiti, mguu ukatua ndani. Akajaribu tena. Hakikumzuia kitu. Ilikuwa tu kama mtu aliyekumbuka kwamba ana kazi.

Shemeji alirudi mlangoni, ameloa, mdomo umebonyea kama wa mzee. Akauliza kwa pumzi zaidi kuliko maneno: aseme nini ili watoke wote? Lolote, atalisema.

Neno lile la kupokea zamu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi wa Fundi, na kijana angelisema bila kuuliza maana.

"Hakuna cha kusema," akamwambia. "Nenda kwa dada yako. Mwambie nimekurudisha ulivyobaki."

Alisubiri mpaka gari likawaka na mlio wake ukamezwa na mvua. Kisha akanawa mikono, ingawa bomba halikuwa na maji tangu zamani. Lilitoa maji, ya moto.

Nje ya mlango mtu akakohoa, kikohozi cha aliyengoja sana.

"Ingia," akasema Fundi.