Mgeni wa Mji wa Juu

Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Hapo ndipo Leah alipotakiwa kushtuka, maana nyumba yenyewe haikuwa na paa wala ubao wa mlango, na kuta zake za mawe zilikuwa zimeota majani mpaka juu, lakini chini palikuwa safi na michirizi ya ufagio bado ilionekana. Yeye akaona ni bahati. Akatandika kitenge, akatoa kuku na chapati, akawaita mumewe na mtoto waje kula.

Msimlaumu sana. Ukiuza vitenge mpakani Tunduma, malori yanakupigia honi mchana kutwa, wabadilisha fedha wanakuvuta mkono, na vumbi linakufuata mpaka kwenye chai, unafika mahali unatamani kimya hata cha makaburini. "Baba Faith, tutoke hata siku moja," alikuwa akimsumbua mumewe, Lusajo. "Nimechoka kusukumwa." Lusajo akaazima gari, wakaipita Itumba, wakapanda mpaka Mji wa Juu, ambao zamani ulikuwa na maduka, kanisa na wanunuzi wa kahawa, kabla barabara haijahamia bondeni na watu wakaifuata.

Huko hawakupokewa vizuri. Wanawake waliokuwa wakilima mteremkoni waliwatazama tu, hata mkono hawakupunga. Kwenye nyumba ya mwisho yenye watu, bibi mmoja aitwaye Gwantwa alikuwa anapepeta maharage. Aliitikia shikamoo yao bila kuinua uso.

"Tembeeni, tazameni," akasema. "Ila msikae kula ndani ya nyumba za watu."

"Nyumba za watu gani, bibi, na mji wote mtupu?" Leah akauliza.

Bibi akaendelea kupepeta. Leah akaondoka akinung'unika kwamba watu wa milimani wana roho mbaya. Kumbe roho mbaya ilikuwa bado haijafika.

Walikuwa katikati ya kula waliposikia mlangoni sauti nzito, ya adabu: "Hodi."

Leah hakuinua hata kichwa. Mdomo wake wa dukani ulijibu wenyewe, kama unavyowajibu kwa heshima, kwa neno lao, wateja wa Zambia kutwa nzima: "Karibu mukwai, pita ndani, jisikie uko nyumbani."

Mlangoni hapakuwa na mtu. Lusajo akacheka. "Hata mlimani unatafuta wateja?" Leah naye akacheka. Lakini Faith, mtoto wao mdogo, wa pekee, alikuwa ameinua sahani yake na kusogea pembeni ya kitenge, kama anayempisha mtu akae.

Walirudi Tunduma na harufu. Ilikuwa harufu ya maganda ya kahawa yaliyochacha, na ndani ya nyumba yao hapakuwa na hata punje ya kahawa. Leah alipiga deki, akafua mapazia, akachoma ubani, harufu ikabaki palepale. Kisha kiti cha mezani kikaanza kujivuta wakati wa chakula. Faith akawa anaigawa sahani yake, nusu anaisukuma upande wa kiti kile, na nusu ile ilipoa bila kuguswa, lakini aliyekonda alikuwa yeye.

"Unamgawia nani, mwanangu?"

"Mgeni wako."

Mchungaji akaja, akaomba kwa moyo wote huku jasho likimtoka. Wote wakaitika amina. Baada yao, kutoka kwenye kiti kitupu, sauti nzito ya adabu nayo ikaitika, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Mchungaji aliaga bila kunywa chai.

Jioni moja umeme ulikatika giza likiingia, Leah akapapasa kwenda chumbani kwa mtoto, harufu ile ikiwa nzito, akasikia kitanda kikilia kama kinavyolia mtu mzima akijigeuza, akanyoosha mkono kumtafuta Faith na kumkuta amebanwa ukutani kabisa, mwili wa baridi, na katikati ya kitanda, pale alipopaswa kulala mtoto, godoro lilikuwa limebonyea na linaendelea kubonyea chini ya kiganja chake.

"Mama," Faith akanong'ona, "anasema nisogee tena. Nimemwambia nimefika ukutani. Anasema basi nitoke."

"Utoke wapi?"

Mtoto akaushika mkono wa mama yake, akauweka kifuani pake. "Humu."

Leah aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Hakulala. Kulipopambazuka tu wakapanda tena mlima kwa gari, mtoto amelegea mapajani mwake. Bibi Gwantwa alimtazama Faith.

"Nani alimkaribisha?"

"Ni mimi, bibi. Ni mazoea tu ya biashara. Mfukuze, nakuomba."

"Angeingia mwenyewe ningemfukuza. Huyu umemwambia ajisikie nyumbani. Mgeni wako hafukuzwi, anasindikizwa." Akashusha sauti. "Utampa mkono utembee naye. Mgeni akishatosheka humwambia mwenyeji wake arudi, si unajua? Usigeuke kabla hajasema. Ukigeuka, anarudi na wewe, na safari hii hataomba nafasi."

"Na huwa anasema?"

Bibi akaokota mawe kwenye maharage yake. "Walioondoka naye sijapata kuwauliza."

Lusajo akataka kwenda yeye. Bibi akatikisa kichwa. Si Lusajo aliyekaribisha. Leah akamwekea mumewe mtoto mikononi, akambusu mwanawe kwenye utosi, akasimama katikati ya njia akanyoosha mkono wa kulia.

"Mgeni wangu, asante kwa kututembelea. Twende nikusindikize."

Vidole virefu, vyenye unyevu, vikaingia kati ya vyake. Wakaanza kutembea, Lusajo akiwafuata kwa mbali na mtoto mikononi. Wakaupita mji wenye sakafu zilizofagiliwa, wakalipita kanisa, wakaingia kwenye njia inayoshukia msituni upande wa pili wa mlima, na harufu ile ikaenda nao.

Hapo akasikia kwa nyuma, mbali kidogo, sauti ya mwanawe ikiwa imechangamka: "Baba, nina njaa. Nataka chapati nzima."

Leah alilia kwa furaha, bila kugeuka. Machozi yalimfika shingoni, asiyafute.

"Mama Faith," Lusajo akaita, "mtoto amepona. Inatosha sasa, rudi."

Lakini si Lusajo aliyetakiwa kulisema neno hilo. Leah akapunguza mwendo, akategea sikio upande wa mkono wake wa kulia. Alitaka kumwona mtoto wake akila. Hilo tu.

Vidole vikakaza. Mgeni hakusema kitu, na njia ilikuwa bado inashuka.